Kumsukuma Mzee

Watu hupenda nikiwaambia kwamba niliacha kazi ya masoko kwa sababu niliguswa moyo. Sikuguswa. Niliondolewa. Kiwanda cha kecap nilichokitumikia kwa miaka kumi na tisa hapa Solo, katika kisiwa cha Java, kilirithiwa na mtoto wa mwenye mali, mtoto akaja na watu wake kutoka Jakarta, na mimi nikapewa hotuba fupi pamoja na katoni moja ya ule mchuzi mtamu wa soya ambao nilikuwa nimeushawishi mji mzima kuupenda.

Nilitoka na simu yenye namba nyingi na kipaji kimoja tu: kumfanya mtu anunue kitu huku akiamini wazo ni lake. Mwaka mmoja kabla ya hapo nilikuwa nimetengeneza tangazo lenye wachezaji wa mpira wa meza wanaotumia viti vya magurudumu. Walipigwa picha juani kutwa nzima, wakala wali na kuku, wakaenda zao. Tangazo likapata tuzo, na tuzo nikapanda jukwaani kuichukua mimi. Kocha wao, Togar Sihombing, hakuacha kunipigia simu: wataitwa tena lini? Nilipofukuzwa sikuwa na kazi nyingine ila kupokea simu zake, na hivyo ndivyo asasi yetu ya michezo ya walemavu ilivyoanza. Kwenye vipeperushi niliandika vingine.

Togar ni Mbatak, mtu wa Sumatra, na mguu wake wa kushoto ni wa bandia. Sisi watu wa Solo tukitaka kusema hapana tunasema ndiyo, halafu hatutokei. Togar akitaka kusema hapana anasema hapana, mara tatu, na mlango umeachwa wazi ili majirani nao wasikie. Nilimwita Bang kwa sababu ndivyo wanavyoitana kwao, kaka kwa kaka, na kwa sababu ukimwita Pak, yaani bwana mkubwa, anauliza nani amekufa.

"Bu Endah," aliniambia mwezi wa kwanza, akiniita mama kwa heshima ya kwetu, "wewe unaweza kumuuzia mkulima matope."

"Na wewe Bang unaweza kumfukuza mfadhili kabla hajatoka kwake."

"Wengine wanastahili."

Tuligawana kazi. Yeye aliwafundisha kupiga mpira, Jumatatu hadi Ijumaa, katika ukumbi wa serikali ya mtaa wenye paa linalovuja upande wa choo. Mimi niliwachukua Jumamosi na kuwafundisha kupokea wageni. Mgeni akija, tabasamu. Mkono wa kulia. Macho chini kidogo. Akikupapasa kichwa, mwache. Akikisukuma kiti chako bila kukuuliza, mshukuru. Akisema kwamba umemfundisha maana ya maisha, mwambie yeye ndiye aliyekufundisha. Usimkatalie mtu mzima jambo lolote mbele ya uso wake, hata kama amekosea, maana mtu akiona aibu hafungui mkoba.

"Unawafanya mapambo ya mezani," Togar alilalamika.

"Meza zenyewe, Bang, zimenunuliwa na nani?"

Meza tano mpya, za buluu, zilikuwa zimetokana na tabasamu zangu za Jumamosi.

Mwanafunzi wangu bora alikuwa Kinasih. Alikuwa na miaka ishirini, mtoto wa muuza pecel, mboga za mchuzi wa karanga, kutoka kijiji kimoja huko Wonogiri. Alipokuwa na miaka kumi na tatu alianguka kutoka juu ya lori la mihogo, uti wa mgongo ukaumia, na miguu haikuamka tena. Tumbo na mgongo vilibaki na nguvu kiasi. Adabu alikuwa nayo tangu kwao. Mimi niliipiga pasi tu. Akimpa mtu mzima kikombe cha chai, mkono wa kushoto ulikuja chini ya kiwiko cha wa kulia bila kuitwa. Wafadhili walimpenda mpaka wakasahau kunywa chai yenyewe.

Mezani alikuwa mtu mwingine. Alipiga mipira ya kuudhi, ya pembeni, ya karibu na wavu, akamtazama mpinzani akihangaika, kisha akapiga mwingine palepale. Mpira ukianguka sakafuni aliinama upande mpaka vidole vikagusa saruji, akauokota, akarudi wima bila kushika kiti. Niliyaona hayo mara arobaini kwa siku. Naomba ukumbuke kwamba niliyaona.

Mwaka wa tatu Kinasih alichaguliwa kwenda mashindano ya taifa huko Bandung. Wakati huohuo kampuni moja ya chai ilikuwa inazungumza nami kuhusu kutudhamini kwa miaka mitano. Mkurugenzi wake alikuwa muwazi kuliko watu wengi wa kwetu. "Bu, hadithi nzuri tumeshazisikia," alisema. "Tunataka mshindi."

Katika mchezo huu, kabla hujacheza, unapimwa. Wanaocheza wamekaa wana madaraja matano. La kwanza ni la walioumia zaidi, la tano ni la wenye nguvu zaidi, na kila mtu hucheza na wa daraja lake, ili ushindi utokane na mchezo na siyo na mwili. Daktari anakukalisha kwenye benchi, anakushika hapa na pale, anakuambia uinue, uvute, usukume. Usiposukuma kwa nguvu zako zote, kipimo kinasema wewe ni dhaifu kuliko ulivyo. Ndiyo maana kosa kubwa kuliko yote katika michezo ya walemavu ni kujidhoofisha kwa makusudi. Mchezaji anayedanganya benchi humwibia mtu ambaye mwili wake haukumpa hata nafasi ya kudanganya.

Kila mchezaji aliruhusiwa kuingia na msindikizaji mmoja. Togar alikuwa amekwenda kugombana na watu wa malazi, kwa hiyo niliingia mimi.

Daktari alikuwa mzee wa Yogyakarta aitwaye Prawoto, mwenye nywele nyeupe zote na shati la batiki lililofungwa mpaka kifungo cha juu. Wasaidizi wake wawili walikuwa vijana. Alipoona kwenye karatasi kwamba Kinasih ametoka Wonogiri, aliachana na lugha ya ofisini, akamsemesha kwa Kijava cha heshima, kile ambacho mtoto wa kwetu hufundishwa kuwajibu wazee kabla hajajua kufunga viatu.

"Mama hajambo, Nduk?" Nduk ndivyo mzee wa kwetu anavyomwita binti, na ukiitwa hivyo na mtu wa umri ule unajikuta umeinamisha kichwa.

"Hajambo, Pak."

"Haya. Nitakushika bega nikusukume nyuma. Wewe nizuie. Usinikubalie, sawa?"

"Ndiyo, Pak."

Akaweka kiganja begani kwake, akasukuma. Kinasih akaenda na mkono. Alirudi nyuma polepole, macho chini, mpaka msaidizi akamdaka mgongoni.

"Kwa nguvu zako zote, Nduk."

"Ndiyo, Pak."

Akaenda tena na mkono. Mbele, nyuma, kushoto, kulia, kote alikosukumwa alikwenda, taratibu na kwa heshima zote.

Nilielewa kabla ya msaidizi kumdaka mara ya pili. Hakuna mtoto aliyelelewa kwetu anayeweza kumsukuma mzee mwenye mvi aliyetoka kumwulizia mama yake hali. Mkono wa mzee ukikushika bega, wewe unashuka. Na kama kwao walikuwa wameacha ufa wowote katika adabu hiyo, mimi nilikuwa nimeuziba, Jumamosi baada ya Jumamosi. Nilifungua mdomo. Ilitosha kusema, "Pak Daktari, huyu hasukumi kwa sababu anakuogopa." Maneno kumi hayafiki.

Kisha nikaona msaidizi akiandika: daraja la tatu.

Kinasih alikuwa wa daraja la nne. Katika la nne kulikuwa na wanawake wakali, mmoja wa Makassar asiyeshindwa kirahisi. Katika la tatu walikuwa sita nchi nzima, na nilikuwa nimewaona wote wakifanya mazoezi asubuhi ile. Hakuna ambaye angeuzuia mpira wake. Nikafunga mdomo. Haikunichukua muda mrefu, na sitasema kwamba nilihangaika.

Nje kwenye korido Togar alikuwa amesharudi.

"La ngapi?"

"La tatu."

"La tatu?" Akanikazia macho. "Bu, huyu mtoto ni wa nne. Alisukuma kweli?"

"Alifanya alichoambiwa."

"Mimi nakuuliza alisukuma?"

"Bang, daktari ni wewe au ni yule mle ndani?"

Akaugonga mguu wake wa bandia kwa kidole, akaenda zake kutafuta kahawa. Kinasih alinivuta mkono.

"Bu, nilikuwa na adabu?"

"Sana, Nduk," nikamwambia.

Siku ya kwanza alishinda michezo miwili, seti tatu kwa bila, yote miwili. Mpinzani wa pili, mama wa Banjarmasin mwenye mikono isiyofunguka vizuri, alicheka mwishoni na kumwambia, "We binti, mpira wako unanitafuta mimi au unamtafuta mume wangu?" Kinasih akacheka, akambusu mkono. Mimi nilikuwa napiga picha za video. Saa tisa nilikuwa nimeshaiweka mtandaoni ikiwa na muziki wa taratibu na maandishi haya: Hawezi hata kukaa wima bila kushikiliwa. Leo amewalaza wote.

Hiyo ndiyo kazi niliyoisomea. Mtu hafungui mkoba kwa ajili ya binti mwenye nguvu kiasi. Humfungulia dhaifu kuliko wote aliyeshinda wote. Kabla ya magharibi video ilikuwa imetazamwa na watu laki tisa, na mkurugenzi wa chai alinipigia mwenyewe, sauti imelowa, akasema mke wake analia. Huko Wonogiri mama yake Kinasih aliwakusanya majirani mbele ya kibanda cha pecel, simu ikapita mkono kwa mkono mpaka chaji ikaisha.

Nilichosahau, au nilichoamua kutokumbuka, ni kwamba kipimo hakiishii kwenye benchi. Daktari anakuja pia kukutazama ukicheza. Prawoto alikuwa amekaa kando ya meza tangu seti ya kwanza, karatasi gotini. Alimwona Kinasih akijirusha mbele mpaka kifua kikagusa ukingo wa meza kuufuata mpira mfupi, akarudi wima papo hapo. Alimwona akiokota mpira sakafuni. Mzee hakubadilisha uso, aliandika tu, na aliandika kwa muda mrefu.

Asubuhi iliyofuata karatasi ilibandikwa kwenye mlango wa ukumbi. Jina la Kinasih, namba yake, na maneno: anashukiwa kujidhoofisha kwa makusudi, afike kupimwa upya saa nne. Ikithibitika, atafungiwa miaka miwili na jina lake litatangazwa kwa vyama vyote.

Aliisoma mwenyewe kabla yetu. Tulimkuta mbele ya mlango, watu wakipita nyuma yake kimya kimya. Yule mama wa Banjarmasin alipita pia. Hakumwambia neno, alimtazama tu, akageuza kiti chake.

"Bu," Kinasih alisema, "makusudi maana yake wanasema mimi ni tapeli?"

"Ni utaratibu tu."

"Lakini wanasema hivyo?"

"Wanashuku."

"Mama amewaonyesha watu wote." Hakuwa analia. Alikuwa akijaribu kufikiri, na mikono yake ilikuwa imeshika magurudumu kwa nguvu mpaka vidole vikabadilika rangi. "Nikifungiwa nitarudi vipi pale kijijini? Nitasema nini?"

Togar alinivuta pembeni kwa kiwiko, jambo ambalo mtu wa kwetu hawezi kumfanyia mwanamke wa umri wangu.

"Nilikuuliza. Nilikuuliza kwa Kiindonesia, siyo kwa Kibatak!"

"Punguza sauti, Bang."

"Sipunguzi! Alisukuma au hakusukuma?"

"Niachie mimi," nikasema. "Nitaongea nao."

Nilimaanisha hivyo kweli. Nilikuwa nimeshaandika taarifa katika simu, aya nne nzuri, kuhusu utamaduni, kuhusu mabinti wa vijijini, kuhusu asasi yetu inayoheshimu kanuni zote. Mimi sikuwemo ndani yake. Niliisoma mara mbili njiani na nikaridhika nayo.

Chumba kilikuwa kilekile. Prawoto alikaa katikati, vijana wake pembeni. Kinasih alikuwa kwenye kiti chake, mimi nyuma yake. Nilianza kusoma. Nilipofika aya ya pili mzee aliinua mkono, akaweka simu mezani, akaigeuza upande wangu. Ilikuwa ni video yangu.

"Hawezi hata kukaa wima bila kushikiliwa," akasoma polepole. "Nani ameandika haya?"

"Mimi, Pak."

"Ulikuwa unajua kwamba anaweza?"

Katika masoko kuna majibu mengi ya swali la namna hiyo. Ningeweza kusema sikujua, na hapo Kinasih angekuwa ametudanganya wote, mimi wa kwanza. Ningeweza kusema ni lugha ya matangazo tu. Nilimtazama Kinasih kisogo. Alikuwa amesuka nywele vizuri asubuhi ile, kabla ya kusoma karatasi, kwa ajili ya nusu fainali.

"Nilikuwa najua."

"Tangu lini?"

"Tangu siku zote. Na juzi, ulipomshika bega humu ndani, nilijua kwamba hakusukumi kwa sababu wewe ni mzee. Siyo ujanja. Hajui kumsukuma mzee."

Kinasih aligeuza kichwa.

"Ulijua, Bu?"

"Ndiyo."

"Mimi nilidhani ndivyo inavyofanywa. Nilikuuliza pale nje. Kwa nini hukuniambia?"

"Kwa sababu katika daraja la tatu ungeshinda," nikasema, "na ushindi wako ungeuzika."

Sikuwa na namna nzuri zaidi ya kulisema. Mmoja wa vijana aliacha kuandika. Niliona haya, haya ya kweli, ya kutamani sakafu ipasuke, na nilikuwa na miaka hamsini na mbili.

Prawoto alivua miwani, akaifuta, akaivaa. "Maneno nimeyasikia," alisema. "Lakini siwezi kupima maneno. Panda benchi, Nduk. Mara hii nisukume."

Vijana walimwinua, wakamkalisha. Mzee akaweka kiganja begani. Kinasih alifumba macho, akavuta pumzi, na nikamwona akijaribu. Shingo ilikakamaa. Kisha bega likalegea na mwili wote ukaufuata mkono kama siku ile.

"Tena."

Akalegea tena. Machozi yakamdondokea magotini.

"Nisamehe, Pak. Mwili wenyewe unakataa. Siwezi kukufanyia hivyo."

Kijana wa kushoto alishusha pumzi, akachukua kalamu. Safu ya makusudi ilikuwa upande wa chini wa karatasi, na kalamu ilikuwa inashuka.

Niliinuka. "Pak Daktari, naomba nisimame mimi mbele yake. Weka mikono yako juu ya yangu, utasikia nguvu zake zote."

Mzee akakubali. Nilisimama mbele ya benchi, nikaweka viganja kwenye mabega ya Kinasih, na mikono ya Prawoto, mikavu na myepesi, ikaja juu ya yangu.

"Nisukume mimi, Nduk."

"Wewe pia ni mtu mzima, Bu."

"Mimi ndiye niliyekuuza, Kinasih."

Aliinua macho. Miaka mitatu alikuwa ananitazama kidevuni au begani, kama mtoto mwenye adabu anavyomtazama mkubwa, na sasa alinitazama machoni. Sikuyajua macho yale. Nilisukuma kwa uzito wangu wote. Kwa kitambo kidogo hakuna kilichosogea. Kisha kifua chake kikaja mbele, na mabega, na kitu kingine zaidi ya misuli, na mimi nikarushwa nyuma. Niligonga kitoroli cha bandeji, nikaketi sakafuni na sketi imepanda, chuma kikilia huku na huku.

Kinasih alibaki wima kwenye benchi. Hakushika kitu.

Hakuna aliyekuja kuniinua. Nilisubiri aniombe radhi, kwa mazoea tu, kwa sababu hata paka wa kwao akikukwaruza Kinasih alikuwa anaomba radhi kwa niaba yake. Hakuomba.

"Sasa mimi," Prawoto alisema, akaweka mkono.

Kinasih akamsukuma na yeye. Mzee akarudi hatua mbili, miwani ikateleza mpaka mdomoni. Aliirudisha kwa kidole kimoja, na nadhani alikuwa anatabasamu, ingawa kwa watu wa umri ule ni vigumu kujua.

"Hivyo, Nduk," alisema, "ndivyo nilivyoomba juzi."

Uamuzi ulitoka kabla ya adhuhuri. Daraja la nne. Matokeo ya siku ya kwanza yafutwe. Hakuna makusudi kwa mchezaji. Aliposoma maneno hayo mawili ya mwisho, kwa mchezaji, mzee alitua kidogo ili yanifikie. Mimi nilizuiwa kuingia katika ukumbi wowote wa mashindano kwa miaka miwili, na video ifutwe siku hiyohiyo, kisha maelezo ya kweli yawekwe mahali pake. Niliyaandika nikiwa nimekaa kwenye ngazi za nje. Mistari mitatu, bila muziki. Mkurugenzi wa chai hakupiga tena simu. Mke wake, natumai, aliacha kulia.

Togar alinipita pale kwenye ngazi, akasimama.

"Umeumia?"

"Nyonga kidogo."

"Vizuri," akasema, akaingia ndani.

Kesho yake Kinasih alianza upya katika daraja la nne. Mimi nilikuwa ng'ambo ya barabara, kwenye kibanda cha supu ya soto, nimeagiza bakuli nisilolila. Saa sita simu ikalia. Ilikuwa namba ya Togar, lakini sauti ilikuwa ya Kinasih.

"Bu."

"Ndiyo, Nduk."

"Nimeshindwa. Tatu kwa moja. Yule wa Makassar."

"Hiyo seti moja..."

"Nilimchukulia kumi na moja kwa tano." Niliisikia furaha ndani ya sauti, imebanwa lakini ipo. Kisha ikaondoka. "Bu, usiandike kitu."

Nilikuwa nimeshaandika, kichwani, sentensi nzima. Ilikuwa nzuri sana.

"Sitaandika."

"Kuanzia sasa Jumamosi nitakuwa nafanya mazoezi na Bang Togar."

"Sawa."

Akakata simu. Kwetu mdogo husubiri mkubwa akate kwanza, na nilibaki nimeishika sikioni, namsikiliza mwenye kibanda akikatakata limau. Nilimwonea fahari, na nilijua sina haki ya fahari hiyo.

Mambo mengine yalijiendea. Tulipata mfadhili mdogo, muuza matairi, ambaye hataki hadithi yoyote ila jina lake liandikwe kwenye viti. Mafunzo ya Jumamosi niliyafuta. Siku hizi kabla ya kila kipimo Togar anawapanga wachezaji wetu wapya mstari mmoja, ananiita, na mimi nasimama pale wanisukume mmoja mmoja, kwa sababu kati yetu mimi ndiye mwenye sura ya mzee wa kuheshimiwa. Nimeshaanguka mara nyingi. Wengine wananiomba radhi, na Togar anawarudisha nyuma ya mstari.

Mwaka huu, Kinasih akiwa wa pili nchini katika daraja lake, mwandishi mmoja alimwomba amsimulie kisa cha Bandung. Alikataa. Jioni akaja ofisini kwangu, akasimamisha kiti mlangoni.

"Bu, sasa unaweza kuandika."

"Niandike nini?"

"Yote." Aligeuza kiti kuondoka, kisha akarudi nusu. "Ila usiandike kwamba ulisahau, wala usiandike kwamba hukuelewa. Andika kwamba ulijua."

Nilijua.